Una habari Arusha au Moshi: umpigie mwandishi wa gazeti au bloga?

Mtaro umeziba Pasua na maji machafu yanaingia vyumbani. Viongozi wa kikoba wanakwepa wanachama na akiba haionekani. Kiwanja kimoja kule Sakina kimeuzwa kwa watu wawili, na kila mmoja ana karatasi yake mkononi. Mwenye shida ya namna hii akishachoka kuzungushwa na maofisi, hukumbuka kwamba mjini kuna wanahabari. Anachukua simu. Ampigie yule mwandishi wa gazeti anayeonekana kwenye mikutano ya mkuu wa mkoa, au yule kijana mwenye blogu ambaye kila kinachotokea mjini anacho ndani ya nusu saa?

Nimefanya kazi pande zote mbili. Nilikuwa nikituma habari Dar es Salaam kutoka Moshi kama mwandishi wa kujitegemea, na sasa nasaidia kuhariri blogu ya hapa Arusha. Nawaheshimu wa huku na wa kule, na inaniuma ninapoona mwananchi amepeleka jambo lake la haki mahali lisipofaa, likafa. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: jambo linalotakiwa kuenea leo, mpe bloga, jambo lenye mtu wa kutuhumiwa, mpe mwandishi wa gazeti, hata kama litachukua wiki nzima kutoka. Yapo yanayohitaji wote wawili, na hapo anayetangulia ndiye anayeamua mwisho wake.

Wanaoishi kwa stori na wanaoishi kwa watazamaji

Magazeti ya kitaifa tunayosoma huku, Mwananchi, Nipashe, HabariLeo na mengine, vyumba vyake vikuu vya habari viko Dar es Salaam. Mikoani yana ofisi ndogo, au mtu mmoja na laptopu yake. Wachache kati ya hao wameajiriwa. Wengi ni wa kujitegemea na hulipwa kwa stori iliyotoka. Isipotoka, nauli ya kwenda Kiborloni na kurudi imeliwa na hakuna wa kuirudisha. Na kabla haijatoka inapita kwa mhariri wa deski ambaye pengine hajawahi kukanyaga Kiborloni. Anauliza maswali, anakata aya, anabadilisha kichwa cha habari. Siku ambayo kuna hotuba ya bajeti au mechi ya Simba na Yanga, mtaro wa Pasua unabanwa kwenye aya nne ukurasa wa ndani, au unasubiri kesho, na kesho yake umeshapitwa na wakati.

Bloga hana deski. Anapiga picha mwenyewe, anaandika, anaposti, anajibu maoni, anatafuta matangazo. Wapo waliosomea uandishi wakakosa ajira. Wapo walioanza na kamera za harusi wakaona kuwa ajali ya bodaboda pale Kwa Mrefu inatazamwa kuliko keki. Anachokijua bloga, na mhariri wa Dar hawezi kukijua, ni mji wenyewe: anajua mtaa upi umekosa maji tangu Jumatatu, diwani yupi hapokei simu, na nani wa kumwuliza.

Usidhani kwamba hawa ni makabila mawili yasiyooana. Kublogu kwa Kiswahili kulitokana na watu wa magazeti. Ndesanjo Macha, aliyefungua Jikomboe, moja ya blogu za kwanza kabisa kwa lugha yetu, alikuwa mwandishi wa safu magazetini. Issa Michuzi alikuwa mpigapicha wa Daily News alipoanzisha blogu yake mwaka 2005. Hata leo, ukichunguza Arusha na Moshi, utakuta waandishi wa magazeti wenye blogu zao, zinazopokea stori zilizokataliwa na deski. Kwa hiyo unapompigia mtu, mwulize kwa adabu tu: kaka, hii unaiandikia gazeti au blogu yako? Ana haki ya kufanya yote mawili, nawe una haki ya kujua jambo lako linakwenda wapi.

Kikoba cha wauza ndizi

Tofauti yao niliielewa vizuri kwa jambo moja lililotokea Moshi, na nitalieleza kwa urefu kwa sababu lina karibu kila kitu ndani yake.

Kikundi cha akina mama wauza ndizi kilifika Desemba, wakati wa kuvunja kikoba na kugawana, sanduku likakutwa halina kitu cha kugawana. Mwenyekiti alikuwa ameenda kwao Rombo, simu haipatikani. Mtoto wa mwanachama mmoja alikuwa na rafiki bloga. Jioni ile ile habari ikawa hewani: picha ya mwenyekiti akiwa harusini amevaa kitenge, jina lake kamili, kijiji alichotoka, na kichwa cha habari kilichomwita mwizi. Kabla ya usiku wa manane kila mwenye simu mtaani alikuwa ameiona. Wanachama waliohamia Arusha na Same wakajua kilichotokea, wakaanza kupiga simu. Hilo, gazeti lisingeliweza, na ninampa bloga haki yake.

Kulipokucha, shemeji wa mwenyekiti akampigia bloga akitaja polisi na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Bloga akafuta chapisho. Hakuwa na mhariri wa kumtetea wala mwanasheria wa kumshauri, na hakuwa na karatasi hata moja, kwa maana alichokuwa nacho ni maneno ya rafiki yake. Akina mama wakabaki pabaya kuliko walipoanzia. Sasa mwenyekiti ndiye aliyekuwa akilalamika kuchafuliwa, na wao ndio waliokuwa wakiogopa kuitwa kituoni.

Ndipo wakaja kwa mwandishi wa gazeti, mtu mzima aliyezoea kazi. Nilikuwepo alipomwuliza mama aliyekuja kwa niaba ya wenzake.

“Sanduku lenu lina kufuli ngapi, mama?”

“Tatu, mwanangu.”

“Na funguo wanakaa nazo akina nani?”

Mama akanyamaza kidogo. Ufunguo mmoja alikuwa nao mweka hazina, wa pili katibu, na wa tatu mwanachama aliyechaguliwa. Mwenyekiti hakuwa na ufunguo hata mmoja. Anayejua vikoba anajua kwamba sanduku la kufuli tatu halifunguliwi na mtu mmoja, na kazi ya zile kufuli ni hiyo hiyo. Kwa swali moja, habari ya “mwenyekiti mwizi” ikawa habari nyingine kabisa.

Alitaka kuliona daftari la hisa. Akaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuthibitisha kuwa kikundi kimesajiliwa. Akampata mwenyekiti, ambaye alikuwa na maelezo yake: mkopo mkubwa ulitoka kabla ya msimu, ukapitishwa na viongozi watatu bila kikao. Akampigia mweka hazina, aliyekata simu, na hilo nalo likaandikwa. Kwenye vyumba vya habari hili huitwa kubalansi stori, na ndilo linalowachosha wananchi wanaotaka habari yao itoke leo. Habari ilipotoka ilikuwa fupi, bila majina wala picha ya harusini. Lakini akina mama walikiingiza kile kipande cha gazeti ofisini kwa mtendaji wa kata wakakiweka mezani. Kikao kikaitishwa, walioshika funguo wakaitwa wote watatu pamoja na mwenyekiti, na marejesho yakaanza kuandikwa kwenye daftari mbele ya watu.

Sijasema bloga hajui kuuliza kuhusu kufuli. Wapo wanaouliza, na nafanya kazi na mmoja wao. Nasema kwamba gazetini kuna mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuuliza “umempata mtuhumiwa?” kabla habari haijatoka, na kwa bloga wengi mtu huyo hayupo. Ukiwa na jambo la kumtuhumu mtu, huyo mhariri unayemwona mzito ndiye kinga yako wewe mlalamikaji.

Pale ambapo kasi ndiyo haki yenyewe

Jumapili ya Oktoba 11, 2020, moto ulizuka Mlima Kilimanjaro eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu kati ya Mandara na Horombo. Giza lilipoingia ulionekana hadi Moshi mjini, mstari mwekundu juu ya msitu. Watu walitaka kujua mambo matatu kwa wakati ule: unaelekea wapi, ndugu zetu wapagazi wako salama, na nani anakwenda kuuzima. Picha na maelezo ya kwanza yalikuja kupitia simu za watu na kurasa za mitandaoni. Gazeti la Jumatatu, hata lingekimbizwa namna gani, lilikuwa linaeleza ya jana.

Hapo bloga hana mpinzani. Mtoto aliyepotea sokoni Kilombero, daraja lililobebwa na mafuriko, barabara ya Moshi kwenda Arusha iliyofungwa kwa ajali, msiba unaohitaji michango, umeme uliokatika kata nzima: usipoteze muda na deski ya Dar. Mtumie bloga picha, mahali, saa na namba ya mtu wa kuthibitisha. Nina imani kubwa na kazi hii, na ninakerwa na waandishi wenzangu wa zamani wanaoiita kazi ya watoto wa mitandaoni.

Lakini moto ule uliendelea kwa siku nyingi, na maswali yakabadilika. Eneo gani limeungua? TANAPA, wasimamizi wa hifadhi za taifa ambao makao yao makuu yapo hapa Arusha, walikuja kutaja kilomita za mraba 95 hivi. Waliokuwa wakiuzima walikuwa na vifaa gani? Wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanakijiji walipanda mlimani na nani akiwalisha? Maswali hayo yanataka mtu anayerudi kesho na keshokutwa, anayemjua msemaji na anayeweza kukaa na takwimu. Kwa sehemu kubwa waliofanya hivyo walikuwa waandishi wa magazeti. Wengi wa wasomaji wao, hata hivyo, walikuwa wameletwa kwenye habari ile na picha za usiku wa kwanza.

Sheria inawatazama tofauti

Hapa watu wengi hujichanganya, kwa hiyo twende polepole.

Mwandishi wa gazeti yuko chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Gazeti lina leseni inayotolewa na Idara ya Habari, MAELEZO, na mwandishi mwenyewe anatakiwa awe na ithibati ya Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari. Sheria hii imelalamikiwa sana. Mahakama ya Afrika Mashariki, inayokaa hapa hapa Arusha, iliamua Machi 2019 kwamba baadhi ya vifungu vyake vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Kwako wewe mwenye habari, maana yake ni kwamba mtu unayeongea naye ana kitambulisho unachoweza kuomba kukiona. Omba, hatachukia.

Bloga yuko chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilipotoka mwaka 2018 zilimtaka awe na leseni ya Sh1 milioni kwa mwaka, mbali na ada ya maombi, na asiye nayo alikabiliwa na faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote pamoja. Milioni moja kwa kijana wa Moshi anayepata tangazo la saluni na la duka la simu ni fedha ya kufunga kazi, na blogu kadhaa nzuri zilizima mwaka ule na hazikurudi. Ada ilishushwa baadaye na kanuni zikaandikwa upya mwaka 2020, lakini leseni ni lazima. Kwa hiyo mwulize bloga kama analo hilo karatasi. Asiye na leseni atafuta habari yako mara tu atakapotishwa, kwa sababu hana pa kusimamia.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawahusu wote, na inakuhusu wewe. Kifungu cha 16 kinamgusa anayechapisha kwenye kompyuta taarifa anazojua ni za uongo kwa nia ya kuchafua au kupotosha: faini isiyopungua Sh5 milioni, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Simu yako nayo ni kompyuta mbele ya sheria hiyo. Ukishalituma jambo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na kuongeza chumvi, umeshakuwa mchapishaji.

Wala usidhani gazeti ni ngome. Magazeti manne, Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima, yalikaa nje kwa miaka kabla ya kurudishiwa leseni Februari 2022. Oktoba 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za kampuni inayochapisha Mwananchi na The Citizen, huku magazeti ya karatasi yakiendelea kutoka. Gazeti lenye tovuti, basi, limesimama kwenye milango yote miwili, wa MAELEZO na wa TCRA.

Jina lako litakaa wapi

Kuna habari ambayo mtoaji wake akijulikana anapoteza kazi, au zaidi. Mhasibu wa shule, muuguzi, mlinzi wa ghala. Hapa sitaki mtu adanganywe na upande wowote.

Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi wa JamiiForums, alifikishwa mahakamani, na moja ya hoja za kesi ilikuwa kutotoa taarifa za watu walioandika kwenye mtandao wake. Alisimama nao. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi kutoka Kibiti, alitoweka Novemba 2017 na hajaonekana mpaka leo. Nawataja wote wawili kwa heshima, na kwa sababu wanaonyesha kwamba upande wa mtandao una watu wenye msimamo kuliko wengi wa magazetini, na kwamba aliye mkoani peke yake, hata akiwa na gazeti nyuma yake, anabeba hatari ambayo mhariri wa mjini haibebi.

Nikilazimika kuchagua kwa mtoaji siri, nachagua mwandishi wa gazeti ambaye mtu unayemwamini amewahi kufanya naye kazi, si gazeti kwa jina lake. Kutana naye ana kwa ana. Usimtumie nyaraka kwa simu ya ofisi wala kwa kompyuta ya kazini. Na ukiona bloga au mwandishi anakutajia jina la mtoaji wake mwingine katika mazungumzo, ili kukuonyesha anavyojua watu, kunywa chai yako uage. Kesho atakutaja wewe.

Nani analipa

Hili linazungumzwa kwa minong'ono, nami naona liongelewe wazi. Mwandishi wa kujitegemea analipwa kidogo, na mikutano mingi ina bahasha, inayoitwa nauli. Mwananchi asiye na bahasha hujiona hana habari. Si kweli. Mwandishi anayeiheshimu kazi yake hatakudai fedha kuandika habari yako, na anayekudai, awe wa gazeti au wa blogu, anakuuzia tangazo. Mwache.

Bloga anaishi kwa matangazo na watazamaji. Ukiwa na biashara mpya, kwa mfano hosteli ya wageni Njiro au kikundi cha kahawa Machame kinachotaka kujulikana, yeye ndiye wa kwenda kwake, na kumlipa ni halali kabisa ilimradi ionekane kuwa ni tangazo. Atakuandikia vizuri, atakupiga picha nzuri, na wateja wa mji huu watakuona. Tangazo la gazeti la kitaifa kwa biashara ya namna hiyo ni kutupa hela.

Lakini huyo huyo, ukimpelekea malalamiko dhidi ya kampuni inayomlipa kila mwezi, atakwambia anaifanyia kazi. Itabaki inafanyiwa kazi. Gazeti nalo lina wafadhili wake, hasa matangazo ya zabuni na ya taasisi za serikali, ila wadau wake ni wengi na wako mbali na mtaa wako, hivyo mwenye duka kubwa wa Double Road hawezi kulinyamazisha kirahisi. Kabla hujaamua, pitia kurasa za mwezi mzima za huyo unayetaka kumpa habari. Ukiona sifa tupu za taasisi ile ile kila wiki, umeshajua.

Wanavyofanyiana wao kwa wao

Mwananchi anafaidika akijua siasa hii ya ndani. Bloga wanalalamika kuwa waandishi wa magazeti wananyofoa habari zao asubuhi, wanapiga simu mbili, kisha inatoka “Na Mwandishi Wetu” bila kutaja ilikotoka. Wana haki ya kulalamika. Waandishi nao wanalalamika kuwa habari waliyoitafuta siku tatu inakopiwa yote, picha na makosa ya chapa, kabla gazeti halijamaliza kuuzwa. Nao wana haki. Kwenye mikutano ya viongozi utaona wamekaa viti tofauti, na klabu za waandishi za Arusha na Kilimanjaro zilijengwa wakati kazi hii ilikuwa ya magazeti na redio.

Ila ukiondoa manung'uniko, wanategemeana kuliko wanavyokubali. Kiongozi aliyekataa kumjibu bloga wiki nzima hujibu siku anayoulizwa na gazeti kuhusu alichokiposti bloga. Na habari ya gazeti iliyofichwa ukurasa wa ndani hufufuka bloga wa mjini anapoipiga picha na kuwaambia watu wa Unga Limited: hii ni mitaa yenu.

Kwa hiyo habari yenye uzito na ya mtaa, mfano ule mtaro, ipange hivi. Anza na mwandishi wa gazeti, mpe karatasi na majina ya watu wa kuzungumza. Mkubaliane siku. Ikitoka, asubuhi hiyo hiyo mpelekee bloga kipande cha gazeti pamoja na picha mpya za mtaro. Ukigeuza utaratibu, ukamtanguliza bloga, mhariri wa Dar atasema imeshatoka, na viongozi watakuwa wameshapata muda wa kupanga majibu. Isipokuwa kama watoto wanaugua kuhara leo. Hapo mtangulize bloga, gazeti litafuata.

Ardhi sina mjadala nayo: gazeti, na uvumilivu. Mgogoro wa kiwanja unaweza kudumu kuliko blogu itakayouandika. Bloga asipolipia jina la tovuti, kazi yake yote inapotea. Gazeti la zamani unaweza kulitafuta maktaba. Kama kuna waraka wa halmashauri unaohitajika, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu wewe raia kuuomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kukujibu. Mwandishi mzuri atakwambia uanze na hiyo barua, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa umkabidhi yeye.

Kabla hujapiga simu, na wakikosea

Andika ukurasa mmoja: nini, wapi, lini, nani ameathirika, nani ametuhumiwa na anasemaje. Weka nakala za karatasi, siyo halisi. Taja watu wawili wanaokubali kuzungumza kwa majina yao. Kama humjui mwandishi yeyote, ofisi ya klabu ya waandishi ya mkoa itakuelekeza. Mwandishi akikuuliza maswali yanayokuudhi, jibu. Mwenyekiti wa mtaa atakuuliza hayo hayo, na hakimu pia.

Ikitoka vibaya, njia nazo ni mbili. Kwa gazeti, mwandikie mhariri kwanza ukidai masahihisho. Akikataa, nenda Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, ambalo husuluhisha bila kukupeleka mahakamani. Kwa blogu, mwandikie mwenyewe ukitaja sentensi yenye kosa na kinachotakiwa kuwa sahihi. Asiposikia, TCRA wanapokea malalamiko ya maudhui ya mtandaoni. Na kabla hujamwandikia, piga picha ya skrini inayoonyesha chapisho zima, tarehe na anwani ya ukurasa, kwa maana likishafutwa hutakuwa na cha kuwaonyesha.